Kuni za kilio: jinsi watu wanavyorudi kukaa pamoja baada ya mauaji ya chuki

Kila mwaka ninapofika kwenye somo la misiba ya umma, huwaeleza wanafunzi wangu hapa Lubumbashi habari ya kanisa la Emanuel la mji wa Charleston, Marekani, ambamo Weusi tisa waliuawa mwaka 2015 kwa sababu ya rangi yao, na kila mwaka swali la kwanza ni lile lile: wafiwa waliwezaje kusamehe baada ya siku mbili tu? Safari hii aliyeuliza ni mama mmoja wa makamo, muuguzi anayesoma akitoka kazini, na aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Saa ilikuwa imekwisha, nikamjibu haraka haraka kwamba ni imani yao. Halikuwa jibu. Tangu siku hiyo najiona nina deni kwake, na ninalilipa hapa kwa urefu ambao darasa halikuruhusu.

Kazi yangu ni kuchunguza vilio. Kwa wasomaji walio mbali na Katanga, huku kusini mwa Kongo, niseme kwamba sisi huku hulitumia neno kilio kwa kile ambacho wengine huita matanga, yaani siku zote ambazo nyumba ya mfiwa iko wazi, viti vya plastiki vimepangwa chini ya hema hadi barabarani, wanawake wanalala ndani kwenye mikeka pamoja na mfiwa, na wanaume wanakesha nje kando ya moto. Nimekaa kwenye vilio vingi vya mitaa ya mji huu, Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, nikiwa na daftari mfukoni, ambalo nimejifunza kutolitoa mbele za watu, na ninachotazama kila mara ni kazi. Ninatazama nani anachota maji, nani anasonga bukari, yaani ugali, nani anaandika michango, nani anatumwa makaburini pamoja na wachimbaji, nani anapasua kuni. Kulia anaweza kulia yeyote, hata adui aliyekuja kuhakikisha kwamba umeumia kweli. Kazi ni lazima upewe, na wenye msiba hawampi mtu wasiyemkubali.

Wabemba, walioko pande zote mbili za mpaka wetu na Zambia, wamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Wana koo za watani wanaoitwa banungwe, zilizounganishwa kwa majina ya viumbe ambavyo kimoja humla kingine, kama vile ukoo wa Chui na ukoo wa Mbuzi. Kwenye msiba, ni hao watani wanaofanya kazi ya mazishi. Kwa maneno mengine, yule ambaye kwa jina lake angepaswa kukula ndiye anayekuzika, na mnataniana juu ya jambo hilo hilo maisha yenu yote. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba waliobuni mila hii walikuwa wamefikiri sana juu ya hatari ya kuishi karibu na mtu mwenye meno.

Sasa Charleston. Ni mji wa bandari katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, na inakadiriwa kuwa karibu asilimia 40 ya Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika ya Kaskazini waliteremshwa pale. Kanisa la Emanuel ni la madhehebu ya African Methodist Episcopal. Wamethodisti tunawajua vizuri hapa Katanga, lakini hao ni tawi jingine, lililoundwa rasmi mwaka 1816 huko Philadelphia na Weusi waliochoka kubaguliwa ndani ya nyumba ya Mungu. Mwaka 1822 muumini mmoja wa Charleston, Denmark Vesey, alishtakiwa kwa kupanga uasi wa watumwa. Watu 35 walinyongwa na jengo la kanisa likabomolewa. Mwaka 1834 makanisa ya Weusi yakapigwa marufuku mjini humo, na waumini wakaendelea kusali kwa siri mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865. Muuaji aliijua historia hiyo, na ndiyo sababu alilichagua kanisa hilo.

Jumatano tarehe 17 Juni 2015, jioni, watu wachache walikuwa wamebaki kwa funzo la Biblia. Akaingia kijana Mzungu wa miaka 21 ambaye hawakumjua. Wakampa kiti, wakampa karatasi ya somo, ambalo siku hiyo lilikuwa mfano wa mpanzi katika sura ya 4 ya Injili ya Marko. Alikaa nao karibu saa nzima, na walipofumba macho kwa sala ya kufunga akatoa bastola. Watu tisa waliuawa: mkubwa wao alikuwa bibi wa miaka 87, mdogo alikuwa kijana wa miaka 26, na mmojawapo alikuwa mchungaji Clementa Pinckney, ambaye pia alikuwa seneta wa jimbo. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja, na wenyeji waliokufa ni wale waliomsogezea kiti.

Kabla ya kwenda mbele inafaa nieleze kwa nini mauaji ya namna hii hayafanani na mengine. Jambazi akimuua mtu kwa ajili ya simu yake, msiba ni wa nyumba hiyo na mtaa huo, na jirani huogopa jambazi. Lakini mtu anapouawa kwa sababu ya rangi au kabila lake, aliyeuawa alikuwa mfano tu. Kila mwenye rangi hiyo ameambiwa kwamba angeweza kuwa yeye. Hilo watu huliona upesi. Upande wa pili ndio unaochelewa kuonekana: muuaji amejifanya msemaji wa watu wake. Hakuwaomba ruhusa wala hakupigiwa kura, lakini amesema kwa jina lao, na tangu dakika hiyo ukimya wao husomwa kama idhini. Mzungu wa Charleston aliyejifungia nyumbani akihuzunika kimoyomoyo, jirani yake Mweusi hakuwa na njia yoyote ya kumtofautisha na yule aliyefurahi kimoyomoyo. Kwa hiyo wale ambao jina lao limetumika wanalazimika kufanya jambo linaloonekana kwa macho, hata kama hawakumtuma mtu, hata kama wanaona kwamba ni uonevu kudaiwa hivyo. Uonevu upo kweli. Aliyeuanzisha ni muuaji, na anayepaswa kulaumiwa kwa huo ni yeye.

Tarehe 19 Juni, siku mbili baada ya mauaji, kijana huyo alifikishwa mbele ya hakimu kwa njia ya video, na ndugu wa marehemu wakapewa nafasi ya kusema. Binti wa mmoja wa mama waliouawa akamwambia kwamba anamsamehe, na wengine wakafuata. Dunia nzima ikasimama kusikiliza. Kwa wiki kadhaa magazeti hayakuwa na habari nyingine kutoka Charleston isipokuwa msamaha, na hapo ndipo ninapomwelewa muuguzi wangu.

Simdharau mtu aliyesamehe, na sina haki ya kumpimia mfiwa maneno yake. Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo habari hiyo iliyafunika. La kwanza ni kwamba hawakusamehe wote. Wapo katika familia hizo hizo waliosema wazi kwamba wao hawajafika huko na huenda wasifike kamwe, na sauti zao zilipata nafasi ndogo. La pili linahusu kanuni ya kwanza ya kilio chetu, ambayo mtoto wa miaka sita wa Katuba anaijua: mfiwa hapiki. Anakaa, analishwa, ananyamaziwa. Msamaha wa Charleston ulikuwa kama mfiwa aliyeinuka kwenye mkeka akaingia jikoni kusonga bukari kwa ajili ya wageni. Jambo hilo linashangaza, linatoa machozi, na linaweza kuwa zuri kwa roho ya mwenyewe. Lakini kama wageni wataendelea kukaa kwenye viti vyao, wakila na kumsifu kwa upishi wake, basi kilio kimegeuzwa kichwa chini miguu juu. Hasira ya yule muuguzi, nadhani, iliwahusu wageni.

Wageni wa Charleston walifanya nini basi? Jumapili tarehe 21 Juni kanisa lilifunguliwa tena kwa ibada, na saa nne asubuhi kengele za makanisa ya mji, ya Weupe na ya Weusi, zikapigwa pamoja. Jioni yake watu zaidi ya 10,000 wa rangi zote walitembea juu ya daraja la Ravenel, lile refu lenye nyaya linalouunganisha Charleston na mji wa Mount Pleasant, huku wakishikana mikono. Picha zake ni nzuri mno na huwa nawaonyesha wanafunzi. Kisha ninawakumbusha kwamba kutembea darajani jioni ya Jumapili ni kulia pamoja: kunahitajika, kunatuliza, na hakumgharimu mtembeaji kitu chochote.

Iliyogharimu ni bendera. South Carolina ilikuwa jimbo la kwanza kujitenga na Marekani mwaka 1860 kwa ajili ya kuulinda utumwa, na bendera ya vita ya majimbo hayo yaliyojitenga ilipandishwa juu ya bunge la jimbo mjini Columbia mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Weusi walipokuwa wakidai haki zao. Kwa Weupe wengi ilikuwa kumbukumbu ya mababu waliokufa vitani. Kwa Weusi ilikuwa kama kibao kilichoandikwa: kumbukeni mlipotoka. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa sana. Ile bendera yetu nyekundu, nyeupe na kijani yenye misalaba mitatu ya shaba, ya wakati wa kujitenga kati ya 1960 na 1963, bado inamtoa mzee mmoja machozi ya fahari, na bado inamkumbusha mzee mwingine, Mluba wa Kasai, mkoa jirani, kambi ya mwaka 1961 pembeni mwa mji huu ambamo maelfu ya watu wa kwao walijibanza chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa.

Watu wa Charleston walikuwa wamedai bendera hiyo iondolewe tangu zamani. Meya wao Mzungu, Joseph Riley, aliyeuongoza mji huo kwa miaka 40, alitembea kwa miguu kutoka Charleston hadi Columbia mwaka 2000 kwa ajili ya dai hilo, safari ya siku tano. Matokeo yake yalikuwa nusu kwa nusu: bendera ikateremshwa kutoka juu ya paa ikasimikwa kwenye mlingoti chini, mbele ya jengo, na sheria ikapitishwa kwamba isiguswe bila theluthi mbili ya wabunge. Hivyo Juni 2015, baada ya watu tisa kuuawa na kijana aliyekuwa amepiga picha akiwa ameishika bendera hiyo, bendera nyingine zote za bunge zilishushwa nusu mlingoti, na ile peke yake ikabaki juu kabisa, kwa kuwa hapakuwa na mwenye mamlaka ya kuishusha. Tarehe 24 jeneza la mchungaji Pinckney lilivutwa na farasi hadi bungeni, likaipita bendera hiyo ikipepea. Ndani ya ukumbi walipoliweka, kulikuwa na dirisha lililoelekea upande wa mlingoti. Mtu fulani akatundika kitambaa cheusi dirishani ili waombolezaji wasiione.

Kitambaa hicho kimenishughulisha kwa miaka mingi kuliko daraja. Aliyekitundika alikuwa ameelewa kwamba huwezi kumkaribisha mtu kwenye kilio huku jina la muuaji wake likiwa limebandikwa ukutani, na pia alikuwa ameelewa kwamba kwa siku hiyo uwezo wake ulikuwa wa mita chache za nguo. Siku mbili kabla yake gavana Nikki Haley, ambaye hapo awali hakuwa akilitaka jambo hilo, alikuwa amesimama mbele ya umma akiomba bendera iondolewe. Mswada ukapita Seneti, kisha ukajadiliwa katika Baraza la Wawakilishi kwa zaidi ya saa 12, huku mbunge mmoja Mweupe wa chama tawala akilia kwa hasira mbele ya wenzake waliokuwa wakirundika marekebisho ili kuchelewesha kura. Ulipita usiku wa manane kwa kura 94 dhidi ya 20. Haley alitia sahihi kwa kutumia kalamu tisa, na kila familia iliyofiwa ikapewa moja. Tarehe 10 Julai, siku 23 baada ya mauaji, bendera ikateremshwa.

Ndipo ninaposema kwamba wageni waliingia jikoni. Mzungu aliyekuwa akiipenda bendera hiyo kwa ajili ya babu yake, kisha akakubali iondoke, alipoteza kitu chake mwenyewe, na kila mtu aliona kwamba amekipoteza. Kwa hilo muuaji alinyang'anywa jina alilojipa, kwa kuwa wale aliodai kuwasemea walikuwa wamejibu kwa kura.

Nisiipambe Charleston kupita kiasi. Miezi miwili tu kabla ya mauaji ya kanisani, jirani katika mji wa North Charleston, polisi Mweupe alikuwa amempiga Walter Scott risasi za mgongoni akikimbia. Baraza la mji wa Charleston liliomba radhi kwa utumwa mwaka 2018, na kura zilikuwa 7 dhidi ya 5, jambo ambalo linawaambia wafiwa mengi kuhusu wale watano. Sanamu ya John Calhoun, mwanasiasa aliyeutetea utumwa kuwa ni neema, ilikaa juu ya nguzo yake katikati ya mji, karibu kabisa na kanisa hilo, hadi Juni 2020. Na miaka kumi baada ya mauaji, South Carolina ilikuwa bado haina sheria ya jimbo dhidi ya uhalifu wa chuki, ingawa mswada uliopewa jina la Pinckney ulikuwa umewasilishwa zaidi ya mara moja. Kwa kosa la chuki, muuaji alihukumiwa kwa sheria ya serikali kuu.

Kuna swali la pili ambalo wanafunzi huliuliza wakishamaliza la msamaha, nalo ni gumu zaidi: kwa nini mji mmoja huungana na mwingine huchomeka? Mtafiti Ashutosh Varshney alilinganisha miji ya India yenye mchanganyiko wa Wahindu na Waislamu unaokaribiana, kama vile Calicut ambako kwa miongo mingi hakukuwa na ghasia, na Aligarh ambako zilirudi kila mara. Aliona kwamba tofauti kubwa iko katika vyama: kama wafanyabiashara, wafanyakazi, wasomaji na wanasiasa wa pande mbili wako katika chama kimoja, uvumi hukatwa mapema, kwa kuwa kuna mtu wa kumpigia simu upande wa pili. Hapa kwetu ningetaja likelemba za akina mama wa soko, ambamo Mluba wa Kasai na Mbemba na Mluba wa Katanga wanapeana zamu ya kupokea fedha na hivyo kila mmoja ana sababu ya kutaka mwenzake awe hai mwezi ujao.

Lakini nadharia hiyo nimeishi nikiijua kasoro yake, kwa sababu nilikulia Likasi, mji wa migodi hapa Katanga. Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1992. Wakasai waliletwa Katanga tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, kufanya kazi migodini na kwenye reli, na kufikia wakati wetu baba zao na baba zetu waliingia zamu moja Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, tulizaliwa hospitali moja, tulibatizwa kwenye maji yale yale. Vyama tulikuwa navyo tele. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, na ndani ya siku chache vijana wa UFERI, chama cha Nguza, wakawa mitaani wakiwatoa Wakasai majumbani mwao. Wakuu wa mkoa walikuwa wamekwisha kuwapa neno la kutumia: bilulu, yaani wadudu. Maelfu kwa maelfu walijazana kwenye kituo cha treni cha Likasi, wiki kwa wiki, wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka Kasai ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Kolwezi ikafuata mwaka 1993. Waliokufa vituoni na njiani, wengi wao watoto, waliuawa zaidi na kuhara na njaa kuliko mapanga.

Vyama vyetu havikutuokoa, na nadhani sababu yake ni hii: huko Charleston meya na gavana walilivua jina la watu wao kutoka kwa muuaji ndani ya siku tano, ilhali kwetu wenye mamlaka ndio waliolitoa jina na kuligawa. Mtu anaweza kumkatalia kijana mwenye jiwe. Kumkatalia kijana mwenye jiwe ambaye nyuma yake kuna redio na ofisi ni jambo jingine, na waliolifanya hawakuwa wengi.

Mama yangu alilifanya nusu. Jirani yetu wa Kikula alikuwa Mluba wa Kasai, nasi watoto tulimwita Mamu kama walivyomwita watoto wake. Usiku wa kuamkia siku waliyoondoka alimpitishia mama mashini yake ya kushona juu ya ua, ile ya miguu, kipande kwa kipande: kwanza kichwa, kisha meza, kisha gurudumu. Mama aliificha nyuma ya magunia ya makala, yaani makaa. Hakwenda kituoni kuwapelekea maji, ingawa kituo hakikuwa mbali, kwa sababu waliokwenda walizomewa na mmoja alipigwa. Mtoto wa mwisho wa Mamu alikufa pale kituoni katika wiki ya tatu. Alizikwa upesi, bila kilio, maana nani angekuja? Sisi tuliipata habari baada ya muda mrefu, kwa barua iliyoletwa na mtu wa reli. Na mashini ile, nilisema sitaipamba hadithi, mama aliitoa nyuma ya makala mwaka uliofuata na kuitumia. Ada zangu za shule ya sekondari zilitoka chini ya sindano yake.

Mamu alirudi mwaka 2004, kutoka Mwene-Ditu, kuja kumwona binti yake aliyeolewa hapa Lubumbashi, kisha akapanda gari hadi Likasi. Mimi nilikuwa mwanafunzi na nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mama alikuwa amepata habari ya ujio wake. Mashini ilikuwa imesafishwa, imetiwa mafuta, imefunikwa kitenge kipya. Mamu alikifunua kitenge, akaiangalia, akakirudisha.

"Mashini ni mashini, mama," akasema. "Miye nilikuya juu ya mutoto."

Alichotaka ni kilio. Kwa miaka 12 alikuwa na maiti ambayo hakuna aliyeililia isipokuwa yeye na mumewe, na alitaka ililiwe pale mtoto alipozaliwa, na watu wale wale waliomwona akijifunza kusimama. Tukakifanya, siku tatu, bila mwili na bila kaburi, katika ua wetu. Mama aliuliza akae wapi, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake na kwa desturi mwenye nyumba hukaa karibu na mfiwa. Hakukaa. Alichota maji, alisugua masufuria, alilala jikoni. Majirani wa zamani walikuja mmoja mmoja, wengine wakiwa na unga, wengine mikono mitupu, na nilitambua baadaye, nilipokuwa nimesomea mambo haya, kwamba kila aliyefika aliomba kazi kabla ya kuomba kiti. Hakuna aliyesema nisamehe na Mamu hakusema nimesamehe. Neno lile la wadudu halikutamkwa, hata kwa kulilaani.

Siku ya pili, alasiri, mtu mmoja alisimama langoni na hakuingia. Wote tulimjua. Mwaka 1992 alikuwa kijana wa karibu miaka 20, na alikuwa akikaa kwenye kona ya barabara yetu akiwapigia watoto wa Mamu makelele ya neno lile walipokwenda kununua mkate. Sasa alikuwa mchimbaji madini wa mkono, amekonda, nguo zimejaa vumbi jekundu. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba watu waliacha kuongea. Mamu alimwona kutoka kwenye mkeka. Alimtazama, kisha akageuka kwa mama yangu na kusema kwamba kuni zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha, rundo lilikuwa pale kando ya ukuta. Mama alichukua shoka, akaenda nalo hadi langoni, akampa bila neno. Mtu yule alipasua mpaka giza likaingia, nyingi kuliko tulizohitaji kwa usiku mmoja, na hakuna aliyemwambia aache. Asubuhi alirudi, na shoka lilikuwa bado limechomekwa kwenye gogo pale pale alipoliacha.